Machozi ya Kaka, Ng'ombe wa Dada: Filamu za Kitelugu Katika Vibanda vya Mpanda

Kiswahili cha zamani kilikuwa na neno umbu. Mwanamume alilitumia kumtaja ndugu yake wa kike, na mwanamke alilitumia kumtaja ndugu yake wa kiume. Neno hilo halikujali nani alitangulia kuzaliwa. Lilijali kwamba hawa wawili ni ndugu na kwamba ni wa jinsia mbili tofauti. Wasukuma na Wanyamwezi wangali wanalo: ilumbu. Sisi tunaozungumza Kiswahili cha leo tumebaki na kaka na dada, maneno yanayomtaja mtu mmoja mmoja, huku lile lililoutaja uhusiano wenyewe likisalia katika kamusi.

Nimelikumbuka neno hilo kwa sababu ya filamu. Katika vibanda vya video vya Mpanda na vya miji midogo ya Katavi, filamu kutoka India ya kusini zina wapenzi wengi, na miongoni mwake zile za Kitelugu za kaka anayemlinda dada yake hushika watu kwa namna ya pekee. Watazamaji huziita zote "za Kihindi", ingawa Kitelugu ni lugha tofauti kabisa, yenye wazungumzaji zaidi ya milioni 80, wengi wao katika majimbo ya Andhra Pradesh na Telangana. Wanafunzi wangu hustaajabu mwalimu wa historia anapozichukulia filamu hizi kwa uzito. Makala haya ni jibu langu. Nadai kwamba mtazamaji wa Katavi anaulewa ugomvi wa filamu hizi haraka kwa sababu anao nyumbani, lakini anausoma kwa hesabu iliyogeuzwa, na kwamba mgeuko huo unawagharimu wasichana wetu.

Njia ya filamu hadi Mpanda

Filamu iliingia vijijini Tanganyika kama mwalimu wa serikali. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa sinema za kielimu kwa Waafrika uliweka makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, ukapiga picha za kilimo, afya na uwekaji wa akiba, na kuzionyesha kwa magari katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki na ya Kati. Mkulima alionyeshwa jinsi ya kuishi. Wakati huohuo, katika miji ya pwani na ya kando ya reli, wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi walifungua majumba ya sinema ambako watu walilipa kwa hiari yao ili wacheke na walie. Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka 1951, na Mother India ya 1957 zilipendwa kuanzia Unguja hadi bara, na tuni za filamu za Kihindi zikaingia katika taarabu.

Mpanda ilikuwa mbali na starehe hizo. Mji huu ulikua kwa sababu ya madini ya risasi, na tawi la reli kutoka Kaliua lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi huo. Mgodi ulipofungwa, reli ilibaki, ikiendelea kuleta watu na bidhaa. Katika miaka ya 1970 walikuja wakimbizi waliokimbia mauaji ya 1972 nchini Burundi, wakapewa makazi Katumba, kisha Mishamo. Tangu miaka hiyo wakaja pia wafugaji wa Kisukuma na mifugo yao, wakitafuta malisho kusini na magharibi. Televisheni, ambayo Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970, ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, na ilichukua muda mrefu kuenea katika mikoa ya magharibi. Kilichotangulia katika sehemu nyingi ni kanda ya video na jenereta, baadaye diski, na sasa kadi ya kumbukumbu inayopita mkono kwa mkono.

Pamoja na kanda alikuja mtafsiri. Derek Mukandala, aliyejulikana nchini kwa jina la Lufufu, aliufanya usimulizi wa filamu kwa Kiswahili kuwa sanaa inayojitegemea. Kenya ikampata DJ Afro, na Uganda ina wasimulizi wake. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, sehemu kubwa ya kazi hii ina utata, na sitaki kuukwepa ukweli huo. Lakini kihistoria msimulizi ni mtu muhimu mno. Filamu ya Kitelugu mara nyingi huwa imekwisha kutiwa sauti ya Kihindi kabla ya kufika Afrika Mashariki, na msimulizi huipa maisha ya tatu. Humpa mhusika lafudhi, humwita mmoja shemeji na mwingine mjomba, na palipo na katnam, mali ambayo upande wa bibi harusi hutoa kwa upande wa bwana harusi, yeye husema mahari. Neno hilo moja ndilo nitakalolirudia baadaye.

Kaka wa Kitelugu

Mwaka 1962 ilitoka Rakta Sambandham, maana yake undugu wa damu. N. T. Rama Rao aliigiza kaka, Savitri akaigiza dada. Ilikuwa ni uigaji wa filamu ya Kitamil, Pasamalar ya 1961, ambamo Savitri huyohuyo aliigiza dada mbele ya Sivaji Ganesan. Yatima wawili hawana mtu duniani ila wao kwa wao. Kaka anafanya kazi na kupata mali. Dada anampenda mwanamume ambaye kaka hamtaki. Kaka anainamisha kichwa na kukubali. Kisha watu wa ukweni wanawatenganisha ndugu hao, na hadithi inaishia kwenye kifo cha wote wawili. Mpenzi yumo katika hadithi, ila mapenzi yanayowaliza watazamaji ni ya wale ndugu.

Filamu nyingi za baadaye zimeugeuza mfano huo huku na huku. Katika Hitler ya 1997, Chiranjeevi ni kaka wa wasichana watano, naye anawalinda kwa ukali hadi mtaa unampa jina la dikteta. Katika Nuvvostanante Nenoddantana ya 2005, kijana tajiri aliyelelewa London anampenda msichana wa kijijini aliyelelewa na kaka yake baada ya baba kuwatelekeza. Kaka hamwombi kijana huyo fedha. Anampa shamba, na kumtaka avune zaidi kuliko yeye. Katika Rakhi ya 2006, dada anauawa na wakwe kwa sababu ya mali ya ndoa, na kaka anageuka mlipiza kisasi.

Kuna sababu ya kihistoria ya kaka kuwa na nafasi kubwa hivyo. Katika jamii nyingi za Watelugu, ndoa kati ya mtoto wa kaka na mtoto wa dada ilipendelewa kwa karne nyingi. Lugha yenyewe inashuhudia: neno māma humtaja mjomba na pia baba mkwe, neno atta humtaja shangazi na pia mama mkwe. Kaka anapomwoza dada yake anajua kwamba watoto wao wanaweza kuoana, na undugu ukarudi nyumbani kwa mlango wa ndoa. Mpenzi mgeni, mtu wa tabaka au mji mwingine, anauziba mlango huo. Ugomvi wa filamu una mizizi mirefu kuliko wivu wa kaka mmoja.

Kwa nini Katavi inaelewa

Watu wa pwani, ambao ndoa za binamu kwao ni jambo la kawaida, hawahitaji kuelezwa. Bara mila zinatofautiana, na ziko jamii zinazoona ndoa ya namna hiyo kuwa mwiko. Hata hivyo mjomba ni mtu mzito karibu kila mahali, na mjomba ni nani kama si kaka wa mama, umbu aliyeendelea kuwa umbu baada ya harusi?

Hadithi zetu za jioni zinamfahamu pia. Msichana anawakataa wachumba wote wa kijijini, anampenda kijana mgeni mwenye sura nzuri, anafuatana naye, na kumbe ni zimwi. Anayemfuata nyuma ni mdogo wake wa kiume, mara nyingi mgonjwa wa ngozi ambaye dada mwenyewe alimfukuza asimtie aibu. Ndiye anayekaa macho usiku, ndiye anayeliona zimwi, ndiye anayemrudisha dada nyumbani. Hadithi hii ina matoleo mengi Afrika Mashariki, na fundisho lake ni wazi: mapenzi hupofusha, na jicho la ndugu huona. Mtoto aliyelelewa na hadithi hiyo akiingia kibandani hatafuti ufafanuzi.

Juu ya hayo kuna mali. Eneo la Mpanda lilikuwa kwa miaka mingi nchi ya mbung'o. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza ilikusanya watu wa magharibi ya Tanganyika katika makazi maalumu ili kupambana na malale, na ng'ombe walikuwa wachache. Katika ukanda huu posa ilijibiwa kwa jembe la chuma, ambalo wahunzi wa magharibi walilifua kwa ustadi, na kwa kazi ya mikono ya mchumba katika shamba la wakwe. Kijana wa London anayepewa shamba na kaka wa mpenzi wake si kichekesho kwa mzee wa Katavi. Ni sheria ya ujana wa babu yake.

Wafugaji walipoingia, ng'ombe wakawa kipimo kipya. Na pale ndoa inapofungwa kwa ng'ombe, undugu wa kaka na dada unapata sura ambayo wataalamu wa jamii za wafugaji wameieleza kwa muda mrefu: ng'ombe walioingia kwa dada hutoka kwa kaka. Mahari ya dada humwolea kaka mke. Kila kijana anamjua umbu ambaye kwa ng'ombe wake atapata mji wake, na ana deni kwake la maisha yote. Ni uhusiano wenye heshima kubwa. Una pia upande mwingine. Dada akipigwa na kutaka kurudi kwao, ng'ombe wanadaiwa, nao wamekwisha kwenda kwa wakwe wa kaka. Akimpenda kijana asiye na kitu, ndoa ya kaka inasubiri. Hapo kaka anaweza kumpenda dada yake kwa moyo wote na bado akawa na sababu ya kumwambia: vumilia.

Hesabu iliyogeuzwa

Sasa turudi kwenye neno la msimulizi. Kwa Watelugu wa filamu hizi, mali ya ndoa inatoka kwa upande wa msichana. India iliipiga marufuku kwa sheria ya 1961, lakini haikukoma. Kaka wa Kitelugu anauza shamba, anakopa na kufanya kazi ya punda ili dada aolewe kwa heshima. Machozi yake ni machozi ya mtu anayetoa. Hata huko hali haikuwa hivyo tangu milele: katika tabaka kadhaa za India ya kusini mali ilitoka kwa mwanamume, na ni katika karne ya 20 ndipo mkondo ulipogeuka.

Msimulizi anaposema "mahari", mkondo unageuzwa bila mtu kutambua. Mtazamaji anamwona kaka aliyejitoa mhanga kwa ajili ya dada, naye anajiona ndani yake. Lakini katika hesabu ya nyumbani kwake, anayetoa ni dada, na kaka ndiye anayepokea. Filamu inampa kijana wetu machozi ya mtoaji na haki ya mlinzi, huku ikimwachia faida ya mpokeaji. Anatoka kibandani akiamini kwamba kuchunga simu ya dada yake, kumzuia njiani na kumchagulia mume ni malipo ya sadaka ambayo kwa kweli yeye hakuitoa.

Sidai kwamba filamu ndizo zinazooza watoto. Sababu ni nyingi na ni nzito: umaskini, umbali wa shule, mila kama chagulaga, ambapo vijana humzingira msichana hadi amchague mmoja wao, na udhaifu wa dola katika mkoa mpana uliozaliwa rasmi mwaka 2012 tu, ulipomegwa kutoka Rukwa. Lakini takwimu lazima zituondolee usingizi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wasichana wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au walikuwa wajawazito, kiwango cha juu kuliko mikoa yote, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Utafiti wa 2022 ulionyesha nafuu: taifa asilimia 22, Katavi asilimia 34. Wengi wa wasichana hao wana kaka. Kama ulinzi wa kaka ungekuwa kinga, Katavi isingekuwa na takwimu hizo.

Sheria ilimwona nani?

Taifa huru lilijaribu mapema kuandika uhusiano huu. Tamko la Sheria za Mila la 1963 lilikusanya mila za makabila mengi yanayofuata ukoo wa baba na kuzifanya kanuni moja. Katika urithi liliweka watoto wa kike daraja la mwisho, na likasema kwamba mwanamke anaweza kutumia ardhi ya ukoo lakini hawezi kuiuza. Kilichokuwa mazungumzo ya wazee, chenye nafasi ya huruma na ya mabadiliko, kikageuka karatasi ya serikali. Umbu aligandishwa: kaka mrithi, dada mtumiaji.

Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikwenda mbali zaidi kwa uzuri na kwa ubaya. Ilitaka ridhaa ya hiari ya wanaooana, na ikasema ndoa haibatiliki kwa sababu tu desturi za mahari hazikutimizwa. Ni maneno makubwa: kisheria, kaka asiyepata ng'ombe hana hoja ya kuivunja ndoa ya dada. Lakini sheria hiyohiyo iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, kwa idhini ya baba. Baba akiwa amefariki, mama. Wote wakiwa wamefariki, mlezi. Kaka hakutajwa. Katika maisha, aghalabu yeye ndiye anayeketi pale baba alipoketi.

Mahakama zimesogea kuliko Bunge. Mwaka 1990, katika kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alikataa hoja kwamba mwanamke wa Kihaya hakuwa na haki ya kuuza shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake; aliyepinga mauzo alikuwa mpwa wake. Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema vifungu vya umri wa ndoa vinakiuka Katiba na ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa ya Serikali. Mwaka ule mmoja ulikuwa umekwisha kupita bila marekebisho. Kuhusu urithi, wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga walishindwa katika mahakama za nyumbani. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema Tanzania imekiuka haki zao. Waliowatoa katika nyumba zao walikuwa shemeji zao. Kila shemeji ni kaka wa mtu, na pengine kibandani naye alilia.

Kaka aliyebadilisha sheria

Nimebakiza sehemu moja ya historia ya Kitelugu ambayo vibanda haviionyeshi. N. T. Rama Rao, kaka wa Rakta Sambandham, aliingia siasa. Mwaka 1982 alianzisha chama, na 1983 akawa waziri kiongozi wa Andhra Pradesh. Wananchi walimwita Anna, yaani kaka. Angeweza kuridhika na jina hilo, kama wanasiasa wengi wanavyoridhika kuitwa baba au kaka wa wanyonge. Lakini serikali yake ilibadilisha sheria ya urithi ya Wahindu katika jimbo hilo, kwa marekebisho ya 1986 yaliyohesabiwa kuanza Septemba 1985, ili binti awe na fungu sawa na la kaka yake katika mali ya pamoja ya familia. Mabinti waliokwisha kuolewa kabla ya tarehe hiyo waliachwa nje, na katika maisha wanawake wengi bado walishinikizwa kuyaachia mafungu yao ili wasigombane na kaka zao. Hata hivyo Andhra ilitangulia, na India nzima ikafuata mwaka 2005.

Sisemi kwamba filamu ilizaa sheria. Nasema kwamba jamii iliyowahi kumlilia kaka mwema haikushindwa kumuuliza swali la mali. Sisi tumechukua machozi na kuliacha swali.

Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti katika Katavi aanze hapa: katika kaya kumi za kijiji chake, ng'ombe wa mahari ya dada walikwenda wapi, na nani alikula hasara ndoa ilipovunjika? Mwanaharakati anayeitisha mikutano ya wasichana peke yao awaite pia kaka zao, kwa sababu jambo hili ni la umbu, nalo halizungumziki kwa upande mmoja. Na mtumishi wa umma anayepokea malalamiko ya ndoa, kabla ya kuandika "suala la kifamilia, wakalimalize nyumbani", amuulize kaka aliyeongozana na mlalamikaji swali moja: dada yako akirudi nyumbani leo, wewe utadaiwa ng'ombe wangapi? Jibu litamwonyesha kwamba mpatanishi anayetaka kumkabidhi shauri hilo ana deni ndani yake.